Safari ya Kumrudisha Salma

Pwa, pwa, pwa. Kibao cha mti kinapiga udongo mbichi, kinanyamaza kidogo, kisha kinapiga tena. Hiyo ndiyo sauti niliyobaki nayo kutoka Bhaktapur, mji wa zamani wa mahekalu na wafinyanzi huko Nepali, nilikokwenda na mama yangu nilipokuwa na miaka kumi. Mengine nayakumbuka pia, ila nayakumbuka kama mtu anayetazama picha za harusi ambayo hakuhudhuria. Sauti hii peke yake ndiyo iliyoingia ndani. Mpaka leo, nikiwa kazini Bawshar, Maskati, mtu akilipiga boksi kwa kiganja ili likae sawa kwenye rafu, mimi hugeuka. Wenzangu wananicheka. Nawaambia ni wafinyanzi wananiita, nao wanadhani natania kama kawaida yangu.

Ili nieleweke lazima nianze na ngazi ya jikoni kwetu. Tulikuwa tunakaa Bawshar, mimi, mama na bibi. Baba alikuwa kazini Duqm na tulimwona mwisho wa wiki. Mama alikuwa mtu wa wizara, anatoka alfajiri na kurudi alasiri na mafaili yake garini. Bibi, mama yake mama, alikuwa mzaliwa wa Unguja, alikuja Oman na mumewe wakiwa vijana, na miaka yote ile ya Maskati haikumpunguzia hata herufi moja ya Kiswahili chake cha kwao. Na alikuwepo Salma. Salma aliletwa kwetu kutoka Nepali nilipokuwa na mwaka mmoja, kuja kunilea. Jina lake hasa lilikuwa Harimaya, lakini bibi siku ya kwanza alilijaribu mara mbili, akakohoa, akasema, "Wewe Salma, mwanangu. Mie nna kifua." Likawa ndilo hilo. Siku zile sikuona ajabu yoyote mtu kupewa jina mlangoni, pamoja na kanga na ndala.

Kiswahili alifundishwa na bibi, jikoni, kwenye kuchambua mchele na kukuna nazi, kwa hiyo alikisema kama bikizee wa Unguja. Siku moja tukiwa kituo cha basi cha Ruwi alikuwa ananigombeza kwa kumwaga maji, mzee mmoja wa kanzu na kofia akageuka, macho yamemtoka. "Ee bibi, Mhindi wa wapi wewe unasema hivyo?" Salma hakupepesa. "Mie wa Vuga," akamjibu, akitaja mtaa wa mjini Unguja ambao hakuwahi kuuona hata kwa picha. "Na wewe wa wapi, hata salamu hujui?" Mzee alicheka mpaka akashika nguzo. Kwa mtoto kama mimi, aliyekuwa akiota kila siku kuwa mtu wa maana, kutembea na mwanamke wa namna ile ilikuwa kama kutembea na bendi ya tarumbeta.

Kila siku ya skuli, kabla ya basi kuja, Salma alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma wa jikoni, mimi nikakaa ngazi ya chini yake, katikati ya magoti yake, uso wangu ukitazama mashine ya kufulia. Nywele zangu ni nyingi na nzito, za upande wa bibi, na wakati ule zilikuwa zinafika kiunoni. Alitia mafuta ya nazi, akatenga njia katikati kwa ncha ya kitana, akasuka misuko miwili. Magoti yake yalinibana masikio, kwa hiyo dunia nzima ilikwenda mbali: redio ya bibi, jogoo wa jirani, mama anayetafuta funguo za gari. Nilikuwa nasikia mapigo ya damu tu, sijui yangu au yake. Kila kitana kilipopita nilisema "ai", hata pale pasipouma, na kila "ai" yeye aliijibu "pole, mama", na mimi nikaongeza nyingine. Huo ulikuwa mchezo wetu. Sikumbuki asubuhi hata moja niliyoimaliza bila kusema ai.

Alikuwa akienda kwao mwezi mmoja kila baada ya miaka mitatu, na mimi sikuwahi kujiuliza anakwenda kumwona nani. Kisha, nilipokuwa na miaka tisa, likatokea tetemeko kubwa la ardhi huko. Tuliliona kwenye televisheni ya jikoni, matofali mekundu yamelala barabarani, watu wamekaa chini ya mahema, na Salma amesimama na upawa mkononi anatazama kama anayemtafuta mtu kwenye umati. Nyumba yao ilianguka. Mtoto wake alitolewa mzima. Hapo ndipo mimi nilipojua kwamba Salma ana mtoto, na jina lake Sarita, na tumezaliwa mwaka mmoja. Labda niliwahi kuambiwa kabla ya hapo. Kama niliambiwa, sikusikia. Mama alimkatia tiketi siku ya pili yake, akamwambia, "Nenda ukawaone, kaa miezi miwili, urudi." Salma akasema inshallah. Asubuhi ya safari alinisuka, akakaza sana ili misuko idumu, na ilidumu siku nne. Siku ya tano nililala nayo hivyo hivyo, imefumuka nusu.

Miezi miwili ikapita, na mingine ikapita. Alipopiga simu nilisema "mzima", "ndiyo", "haya", nikampa bibi. Sikuwa nimekasirika. Watu wanadhani mtoto akinyamaza amekasirika au anadeka. Mimi nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu ulioukalia vibaya, ukiugusa unaona ni mguu wa mtu mwingine. Nilikwenda skuli, nilikula nilichopewa, nilifanya hesabu zangu nikazipata. Sikukuu ya Idi nilivaa gauni jipya, nikakaa kwenye kochi mpaka jioni. Mwalimu alimwita mama akamwambia mtoto wako siku hizi ana adabu sana, na mama alirudi nyumbani na hofu, kwa sababu mimi sikuwa mtoto wa adabu. Nilikuwa mtoto wa kuimba chooni na kuwahutubia paka wa jalalani.

Kilichomfanya mama aamue ni kitana. Mtumishi mpya nilimkataa kwa adabu ile ile, nikisema asante, si lazima. Basi Ijumaa moja mama akanikalisha bafuni achane mwenyewe. Mkono wa mama ni wa kalamu na usukani, na nywele zilikuwa zimeshasokotana nyuma ya shingo, fundo kubwa kama limau. Alivuta. Akavuta tena. Mimi nilikuwa nasoma maandishi ya dawa ya meno. Ghafla mama akasema "Ya Rabbi!" na kitana kikaanguka sakafuni. Jino la kitana lilikuwa limenichana ngozi, na damu ilikuwa inashuka kwenye ukosi wa nguo. "Mbona husemi?" akaniuliza. "Thuraya, mbona husemi ai?" Sikuwa nimesikia kitu. Mama alikaa ukingoni mwa beseni la kuogea akalia, na mimi nikampa taulo. Fundo likabaki pale pale.

Wiki ile ile alishughulikia viza mpya ya Salma, akaitia kwenye bahasha ya kahawia pamoja na picha zake, akakata tiketi mbili za likizo ya katikati ya mwaka wa skuli. Majirani aliwaambia tunakwenda kutembea, kuona mji wa kale. Salma mwenyewe hakumpigia simu. "Ukimwambia mapema atatayarisha jibu," alisema. Bibi alikuwa anatutilia halua na kanga ya zawadi kwenye mkoba, hakuinua kichwa.

"Zuwena, yule ana mtoto wake."

"Na mie nna mtoto wangu, mama."

"Najua. Nnamwona." Bibi akavuta zipu ya mkoba. Wakati wa kuagana alinishika kidevu, akaniagiza nimwambie Salma kwamba ana hamu naye mpaka chai hainyweki.

Bhaktapur ni mji wa matofali mekundu na mbao nyeusi, na mimi nilitoka mji mweupe. Kwetu nyumba zimekaa mbalimbali, kila moja na ukuta wake na magari yake. Kule nyumba zimeegemeana mabega, na vichochoro vingine ukinyoosha mikono unagusa pande zote mbili. Mahekalu yamepangwa paa juu ya paa, mengine mpaka matano, na ngazi zake zinalindwa na wanyama wa mawe waliokaa wawili wawili. Mengi yalikuwa yamepasuka kwa tetemeko, yameegemezwa magogo kila upande kama wazee waliotoka hospitali wanafundishwa kutembea. Mengine zilibaki ngazi tu, juu hakuna kitu, na watu wamekaa hapo wanaota jua. Palikuwa na nyumba za watawa: unainama kwenye mlango mfupi, unatokea kwenye ua uliotulia, ukutani kuna mapipa madogo ya shaba yaliyochorwa dua zao, na kila anayepita anayazungusha kwa kiganja, hata mtoto anayetoka dukani na mkate. Palikuwa na mafundi kwenye kila mlango. Mmoja alikuwa anachonga dirisha lenye tausi aliyetandaza mkia, vumbi la mti limemkaa kwenye nyusi. Mwingine alikuwa anachora duara kubwa la rangi kwa brashi ya nywele chache, amebana pumzi, na mama naye akabana pumzi bila kujua mpaka yule fundi alipoishusha brashi.

Mama alivaa abaya yake na miwani mikubwa ya jua, akapiga picha kila kitu kwa nje. Mzee mmoja alimjia anatabasamu, ana kisahani cha poda nyekundu, anataka kumtia alama ya baraka kwenye paji la uso. Mama akarudi nyuma hatua tatu. "La, la, shukran baba, mie nimeshaoga." Akanitazama aone kama nimecheka. Sikucheka, nikaona amesikitika. "Basi tazama yule tausi, habibti," akasema. "Tazama, kama mlango wa bibi." Bibi alikuwa na picha ya mlango wa nakshi wa nyumba yao ya Unguja, ameitundika chumbani. Nilitazama, nikaona kweli, maua yanapanda pembeni vile vile. Nikasema ndiyo. Mji wote nilikuwa nautazama kama mtu aliye ndani ya gari lenye vioo vyeusi, unaona kila kitu, lakini hakuna kinachokugusa. Ilikuwa Januari, watu wanatoa moshi midomoni, na mama alikuwa amenivalisha sweta mbili, ya juu ina kofia. Kila baada ya muda ananiuliza, "Baridi?" Namjibu sijui. Na kweli sikuwa najua.

Siku ya pili tukashuka kwenye uwanja wa wafinyanzi. Vyungu, mitungi, bakuli za mtindi, vyote vimepangwa chini juani mistari na mistari, na watu wanapita katikati yake taratibu kama wanapita msikitini baina ya watu waliosujudu. Wanaume wanazungusha gurudumu kwa fimbo ndefu, na gurudumu lenyewe ni tairi la lori lililojazwa saruji. Wanawake wanapiga: mkono mmoja umo ndani ya chungu umeshika jiwe, wa pili uko nje umeshika kibao, pwa, pwa, pwa, na chungu kinanenepa. Pembeni palikuwa na kilima cha majani makavu na majivu kinachotoa moshi mwembamba. Mama alidhani wanachoma takataka. Kumbe ndani mna vyungu vinaiva, siku tatu, siku nne, na mtu haruhusiwi kufukua mpaka moto umalize wenyewe.

Mama akaanza kuuliza. Kwenye mkoba alikuwa na nakala ya pasipoti yenye jina kamili la Salma, lakini mdomo una mazoea yake. "Salma? Alikuwa Oman. Salma?" Watu walitikisa vichwa. Uwanja mzima haujapata kusikia mtu wa jina hilo. Mama akaanza kuwakasirikia, kama vile wamemficha. Mimi nilikuwa nimeinama, natazama vyungu kwa sababu havikuwa vinaniuliza kitu, na katikati ya bakuli za mtindi na tembo wadogo wa udongo nikaona vyetezo vitatu. Mguu mwembamba, kikombe juu, pembe nne zilizochongoka; vyetezo vya kufukizia udi, sawasawa na kile cha bibi, kile ambacho Salma alikuwa anakizungusha nyumbani kila Alhamisi magharibi, chumba kwa chumba, mpaka ndani ya kabati za nguo. Kwenye mji wa watu wasiojua kitu kile, vilikuwa vimeanikwa juani kama vinamngoja mtu. "Ni hapa," nikasema.

Nyuma ya vyetezo alikuwa amekaa mwanamke anapiga chungu. Kibao kikanyamaza.

"Yakhe!" akasema Salma. "Bi Zuwena! Hee! Mmeletwa na ndege nyie au na majini?"

Alinikumbatia na mikono ya udongo, ikabaki alama mgongoni mwa sweta yangu. Alikuwa ananuka udongo na moshi wa majani, si mafuta ya nazi. Alilia, akacheka, akalia tena. Mimi nilisimama. Nilikuwa nangoja kitu kifike, kama unavyongoja lifti, na hakikufika. Juu ya bega lake nilimwona msichana wa kimo changu ameshika bonge la udongo. Alikuwa na misuko miwili inayong'aa mafuta, na njia ya katikati imenyooka kama imepigwa rula. Niliijua ile njia. Ilikuwa yangu.

Tulikaa mbele ya chumba cha mabati, pale nyumba yao ilipokuwa imesimama. Wifi yake Salma, mwanamke mkimya mwenye mgongo uliopinda kidogo, alituletea chai ya maziwa akarudi ndani. Mama aliuliza vyetezo vile nani ananunua. "Nani wa kununua?" akasema Salma. "Hapa udi hawaujui. Wageni wanachukua kutilia mishumaa. Mmoja kanambia kizuri hiki, cha kukalishia yai." Wakacheka wote wawili mpaka chai ikamwagika. "Sasa unavifanyia nini?" mama akauliza, na Salma akatazama mikono yake. "Mikono tu, Bi Zuwena. Ina hamu."

Kisha mama akatoa bahasha, akaiweka kwenye mkeka baina yao. Alisema polepole. Kwamba chumba chake kiko vile vile. Kwamba bibi chai hainyweki. Kwamba mimi, na hapo akanigusa kichwa juu ya kofia ya sweta, mimi siko sawa. Sarita hakujua Kiswahili, isipokuwa neno moja, Maskati, na kila mama alipolitaja vidole vyake vilisimama juu ya udongo. Mama alilitaja mara nyingi. Salma aliviona vidole vile, nami niliviona.

"Huyu," akasema, akimwonyesha binti yake kwa kidevu, "nimefika hapa ananiita shangazi. Mama kwake ni wifi yangu, ndiye aliyemlea. Miezi minane, shangazi, shangazi. Mwezi huu ndo kaanza kuniita mama. Kaliita, na mwenyewe kashtuka."

Mama akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Na huyu wangu hata akiumia haniiti."

Salma akasimama, akajipangusa mikono. "Nipe mpaka kesho, Bi Zuwena. Asubuhi nakuja hotelini, namsuka mwanangu huyu, kichwa gani hiki masikini, halafu nakupa jibu." Mama akakubali haraka haraka. Nilijua kwa nini.

Jioni ile chumbani alinieleza waziwazi. "Kesho akishakukalisha magotini, mwambie turudi nyumbani. Neno moja tu. Mie anaweza kunikatalia, wewe hawezi. Akishakuwa na kichwa chako mikononi, khalas, kazi imekwisha."

"Nisemeje?"

"Sema twende. Na ulie kidogo, ukiweza." Nadhani aliisikia sauti yake mwenyewe, maana aligeuka akaanza kupanga soksi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Mama yako nywele hazijui," akasema, amenipa mgongo. "Nnajaribu, lakini sizijui." Nilitaka kumwambia kitu kizuri. Nilitafuta, nikakuta pamepoa. Nikasema haya, nitasema. Kisha nikalala chali nikawaza njia ya nywele ya Sarita, ilivyonyooka, na vile vidole vyake vilivyosimama.

Salma alikuja ukungu ukiwa bado mzito, Sarita nyuma yake, chupa ya mafuta ya nazi ameibana kwapani ili yayeyuke, maana kwa baridi ile yalikuwa yameganda meupe kama samli. Mama alikuwa ameagiza chai na biskuti. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkoba, juu ya bahasha, na macho yake yalikuwa kwangu. Salma akakaa ukingoni mwa kitanda, akamimina mafuta kiganjani, akafungua magoti, akapiga paja. "Njoo, mama." Nikavua kofia ya sweta.

Nywele zilikuwa zimesukwa. Misuko miwili, mmoja mnene, mwenzake mwembamba, umefungwa kwa uzi niliouchomoa kwenye pindo la taulo.

"Nani kakusuka?"

"Mwenyewe."

Alinigeuza kichwa kwenye mwanga wa dirisha. Akapitisha kidole juu ya njia, kutoka paji la uso mpaka kisogoni, polepole, na kila ilipokata kona naye akakata. "Njia hii," akasema mwisho, "imezunguka milima mpaka Nizwa ikarudi."

Mama alicheka, kicheko kimoja kifupi kilichomponyoka. Salma hakufumua. Alikaza tu uzi wa msuko wa kulia uliokuwa umelegea, akaniachia. Magoti yake yakabaki wazi, na mafuta bado yako kiganjani. Sarita akaja akakaa chini bila kuitwa, kama mtu anayekaa kwenye kiti chake. Nikachukua biskuti. Nikaisikia zipu ya mkoba wa mama inafungwa.

"Bi Zuwena," akaanza Salma.

"Kunywa chai, Harimaya," akasema mama. "Itapoa."

Kwenye ndege mama hakuniuliza kwa nini sikusema lile neno moja. Aliniwekea mkono kichwani tangu Kathmandu mpaka tulipoanza kushuka Maskati, kidole chake kimelala juu ya njia yangu iliyopinda. Bibi alipotuona tumerudi wawili hakuuliza pia. Alikipokea chetezo cha udongo alicholetewa, akakigeuza, akakigonga kwa ukucha, akasema mguu umekuwa mrefu kidogo. Mimi sikupona siku ile. Ganzi ilitoka kidogo kidogo, karibu mwaka mzima, na ilipokuwa inatoka iliniwasha, nikawa mtoto wa kulia ovyo mpaka mwalimu akamwita tena mama.

Sasa nimepita miaka ishirini. Skuli niliishia darasa la kumi na mbili, nauza udi na marashi kwenye kibanda katikati ya jumba la maduka Bawshar, na wenzangu wananiita redio kwa sababu sizimiki. Tumehamia Al Amerat, nyuma ya vilima, na kila siku nikivuka vile vilima kwenda kazini naota duka langu mwenyewe, rafu moja nzima ya vyetezo kutoka Bhaktapur. Hata rangi ya pazia nimeshaichagua. Mama amestaafu na amejifunza kusuka, kwa kumsuka mtoto wa binamu yangu upande wa baba, na si hodari, lakini mtoto hulalamika na mama hufurahi. Nasikia mahekalu mengi yamejengwa upya, na nyumba ya Salma pia. Sarita anajifunza Kijapani, anataka kwenda kufanya kazi huko, na Salma hataki kusikia. "Mtu na akili zake anaacha kwao akalee wazee wa watu!" alinipigia kelele kwenye simu wiki iliyopita. Kisha akajisikia mwenyewe, akacheka mpaka akakohoa, na kikohozi kile ni cha bibi. Bibi ametangulia, miaka mitatu sasa. Sisi vijana tunachanganya, neno la Kiarabu, neno la Kiswahili, neno la kwenye simu, na Kiswahili kile chake hapa nyumbani sikisikii tena kwa mtu. Nikikitaka nampigia mfinyanzi wa Bhaktapur. Siku zile watu wangu wote walikuwa hai, naweza kuwagusa, na sikusikia kitu. Leo wametawanyika, na mimi hata tangazo la maziwa linaniliza. Sijui kama huko ni kukua. Ila hali ya sasa naipenda zaidi.

Mama bado anadhani asubuhi ile nilisuka kwa kucheza tu. Sijapata kumwambia mtu ilivyokuwa. Mama aliswali alfajiri akalala tena, na mimi nikaingia bafuni, nikafunga mlango, nikakaa sakafuni kwenye vigae vya baridi na kitana cha Salma, kile cha ngazi ya jikoni, nilichokuwa nimekileta mfukoni ili anichane nacho. Dirishani ukungu ulikuwa mweupe, na huko chini mtu alikuwa ameshaanza kazi. Pwa, pwa, pwa. Kibao kilipopiga nilichana, kilipopumzika nilipumzika. Upande wa kushoto ulikubali. Kisha nikafika nyuma ya shingo, kwenye lile fundo, nikalishika karibu na ngozi kama Salma alivyokuwa anashika mafundo, nikavuta. Kitana hakikupita. Nikavuta tena, na kitu kikali cha moto kikapanda kutoka kisogoni mpaka machoni. Nikatazama mlango. Hakukuwa na mtu wa kuniambia pole. "Ai," nikasema, kwa sauti ndogo, na nikaendelea kuchana.